Utangulizi: Idara za Uuguzi na Maswali Yaliyozizaa

Mwanafunzi anayeandikishwa katika shule ya uuguzi ya chuo kikuu hukabidhiwa orodha ndefu ya idara. Kuna uuguzi wa hospitali, ukunga, uuguzi wa watoto, afya ya jamii, afya ya akili, dawa za usingizi na huduma kwa mahututi, halafu ualimu na uongozi wa uuguzi. Huisoma na kujiuliza jambo la haki kabisa: mgonjwa ni mmoja, mbona wanaonifundisha kumhudumia wamegawanyika hivi? Swali hilo linastahili jibu kabla ya somo la kwanza, na ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi.

Jibu langu ni kwamba idara hugawana maswali, hazigawani mgonjwa. Kila idara ilianza pale waliokaa kando ya kitanda walipokutana na swali lililowashinda kwa ujuzi wa jumla, wakaona baadhi yao lazima walishike swali hilo maisha yao yote, walichunguze, waliandike na kulifundisha. Anayeyajua maswali hayo anakijua chuo. Asiyeyajua huishia kukariri majina ya kozi.

Nitayaeleza nikiwa na mahali pamoja mbele yangu, nako ni Bogoro, katika wilaya ya Irumu, jimbo la Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kijiji hiki kiko kilomita 25 hivi kusini mwa Bunia, vilimani, pale barabara ya Kasenyi inapopita kabla ya kuteremkia Ziwa Albert. Samaki hupanda kwa njia hiyo, ng'ombe huivuka, na wasafiri wa kwenda Gety huchepukia hapo. Watu wa makabila ya huko, Wahema, Wangiti na Wabira, wote wana sababu ya kupita Bogoro, na wote huugua. Nimepachagua kwa sababu kituo cha afya cha kijijini ndicho mtihani mgumu kuliko yote kwa uuguzi wa chuo kikuu. Katika hospitali kubwa kila idara ina mlango wake. Kijijini idara zote huingia kwa mlango mmoja na kumkuta muuguzi mmoja.

Uuguzi huchunguza nini

Tabibu akifika kitandani huuliza huu ni ugonjwa gani na dawa yake ni ipi. Muuguzi huuliza mtu huyu leo ameshindwa kujifanyia nini, na nimsaidie vipi hadi aweze tena. Mmarekani Virginia Henderson ndiye aliyeliweka swali hilo kwa utaratibu, akaorodhesha mahitaji 14 ya msingi ya binadamu. Orodha huanza na kupumua, kula na kunywa, kutoa haja, kujongea na kulala, ikaenda hadi kuwasiliana na wengine, kuabudu kwa imani yako, kufanya kazi yenye maana na kujifunza. Wanafunzi wa Kongo huyajua mahitaji hayo 14 kwa moyo, na ni vizuri. Lakini thamani yake huonekana yanapotumika.

Mchukue mzee aliyevunjika paja. Daktari ameuweka mfupa sawa, na kwa upande wa tiba kazi kubwa imekwisha. Kwa muuguzi ndiyo kwanza inaanza. Mzee hawezi kujigeuza, kwa hiyo ngozi ya makalio na visigino itakandamizwa hadi ife na kuwa kidonda cha kulalia, asipogeuzwa kila baada ya saa mbili. Anaona haya kuomba chombo cha haja, kwa hiyo anakunywa maji kidogo makusudi, na maji kidogo yatamletea choo kigumu na maradhi ya njia ya mkojo. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililoandikwa kwenye picha ya mfupa. Kuyaona mapema, kuyapangia kazi, kuifanya kazi hiyo na kupima kama imefaa, huo ndio mchakato wa uuguzi. Idara zote zimejengwa juu yake, na atakayeuruka ili awahi kwenye ubingwa atarudishwa nyuma na mgonjwa wake wa kwanza.

Tulikotoka

Florence Nightingale alifungua shule yake katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, na toka hapo uuguzi ukawa kazi inayofundishwa kwa mpango. Kuingia chuo kikuu kulichukua muda zaidi. Mwaka 1907 Adelaide Nutting alipewa uprofesa katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akiwa muuguzi wa kwanza duniani kushika cheo hicho. Kuanzia hapo muuguzi aliruhusiwa kuuliza maswali yake mwenyewe na kuyatafutia majibu kwa utafiti.

Kwetu historia ilipita njia nyingine. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na madaktari wake waliohitimu chuo kikuu. Wasaidizi wa matabibu na wauguzi ndio waliozibeba hospitali na zahanati katika miaka ile ya misukosuko. Ituri ilipata shule yake kubwa Nyankunde, ambako misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliungana katika miaka ya 1960 kujenga hospitali moja ya rufaa, pamoja na Dkt. Carl Becker kutoka Marekani. Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyekuwa amewafundisha wauguzi huko Nebobongo, alirejea Kongo mwaka 1966 baada ya uasi wa Simba, akashiriki kujenga mafunzo ya wauguzi Nyankunde hadi mwaka 1973. Wahitimu wa pale walitawanyika mashariki yote ya nchi.

Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilivamiwa. Watu wengi mno waliuawa, wakiwemo wagonjwa waliokuwa vitandani, na hospitali ikaporwa na kuharibiwa. Walionusurika walitembea kwa miguu msituni hadi Oicha na Beni. Naikumbusha siku hiyo hapa kwa sababu inahusu hoja ya utangulizi huu moja kwa moja. Majengo yalikwisha, ila Taasisi ya Juu ya Ufundi wa Tiba, ile tunayoiita ISTM, bado inabeba jina la Nyankunde na bado inatoa wauguzi. Ujuzi uliokuwa umepangwa katika mitaala, umeandikwa, na umeshikwa na walimu wengi, haukuweza kuporwa pamoja na mabati.

Idara na maswali yake

Chuo kimoja huunganisha idara ambazo kingine huzitenganisha, na majina hubadilika. Maswali hayabadiliki, kwa hiyo nitayafuata hayo.

Uuguzi wa hospitali, wa magonjwa ya ndani na wa upasuaji, huuliza nitajuaje kwamba mgonjwa anazidiwa kabla hajazidiwa. Mwanafunzi hujifunza kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, si kwa kukisia, maana pumzi hubadilika mapema na ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote. Hujifunza kusafisha kidonda, kuangalia damu inavyoingia mwilini, kumpokea mtu anayetoka chumba cha upasuaji. Pia hujifunza kuzuia maambukizi, somo ambalo Ituri ililipia gharama kubwa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, ukaingia Ituri, haukutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020, na uliua watu zaidi ya 2,200, wakiwemo wahudumu wa afya. Tangu hapo tarakimu mbili za klorini hazipaswi kumtoka muuguzi wa huku kichwani: asilimia 0.05 kwa mikono, asilimia 0.5 kwa sakafu na vifaa.

Ukunga huuliza nitautambuaje uchungu unaokwenda vibaya wakati bado kuna muda wa kumsafirisha mama. Hapa nataka msomaji aone kwa karibu namna swali la kijijini linavyozaa elimu ya dunia nzima. Mwaka 1972 Philpott na Castle, waliokuwa Rodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walitafuta njia ya kumsaidia mkunga aliye peke yake katika kliniki ya mbali. Wakachora chati ambayo leo tunaiita patografu. Mkunga anapima kufunguka kwa mlango wa kizazi kila baada ya saa nne na kusikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa, akitarajia mapigo kati ya 110 na 160 kwa dakika. Kila kipimo anakitia alama. Alama zikivuka mstari wa tahadhari, anajua ni wakati wa kutafuta usafiri. Mstari wa pili, ulio saa nne mbele, ni wa kuchukua hatua. Umbali kati ya mistari hiyo miwili uliwekwa kwa sababu ya barabara, ili mama apate muda wa kufika hospitali. Elimu ya namna hiyo haikuweza kubuniwa na mtu ambaye wodi ya upasuaji iko mlango wa pili.

Ukunga unaendelea kukua kwa njia hiyo hiyo. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, uliwahusisha wanawake zaidi ya 200,000 katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Katika hospitali zilizojaribu mbinu mpya, waliwekewa chini yao shuka maalumu ya plastiki yenye vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, na ikionekana inazidi, matibabu yote yalitolewa kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe ndipo lije lingine. Kuvuja damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mikono ya wakunga.

Uuguzi wa watoto huuliza namhudumia vipi asiyeweza kuniambia anaumwa wapi. Dozi hapa huhesabiwa kwa kilo, na kosa dogo la hesabu ni kosa kubwa mwilini. Chombo chake maarufu ni utepe wa kupima mzingo wa mkono. Unazungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto. Ukisoma chini ya milimita 115, sehemu nyekundu, mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ana utapiamlo mkali, hata kama mama yake anaona amezoea tu kuwa mwembamba. Idara hii hii hufundisha kumlea mtoto njiti kwa kumfunga kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mbinu iliyoanza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa uhaba wa mashine za joto, na sasa inatumika hata kwenye mashine tele.

Afya ya jamii huuliza kwa nini ugonjwa niliouponya jana umerudi leo. Mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978 uliweka huduma ya msingi katikati ya mipango ya afya, na Kongo ikajipanga kwa zoni za afya. Leo nchi ina zoni 519, na 36 kati ya hizo ziko Ituri. Kila zoni hugawanywa katika maeneo ya afya, kila eneo na kituo chake, kila kituo na muuguzi wake mkuu, titulere. Huyo ndiye anayetunza chanjo kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, anayejua kisima gani kimechafuka, anayefanya kazi na wahamasishaji wa kijiji, na anayetoa taarifa ya wiki. Ituri bado ina tauni, hasa upande wa Rethy, ugonjwa ambao mahali pengi duniani husomwa kama historia. Muuguzi anayesikia kwamba panya wanakufa nyumbani mwa watu na hashtuki, amekosa somo hili.

Afya ya akili huuliza namfikiaje mtu ambaye jeraha lake halionekani. Hildegard Peplau, katika kitabu chake cha mwaka 1952, alionyesha kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ni tiba yenyewe, kwa hiyo unapaswa kusomewa na kufanyiwa mazoezi kama upigaji wa sindano. Bogoro haihitaji kuelezwa umuhimu wa idara hii. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji kilishambuliwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, mifugo ikaporwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo, mwaka 2014 kwa kushiriki katika uhalifu wa siku hiyo. Tarehe 24 Machi 2017 iliamuru fidia kwa waathirika 297, na katika fidia za pamoja, kando ya nyumba, masomo na miradi ya kipato, ikaweka msaada wa kisaikolojia. Majaji walikiri kwa amri ya mahakama kile ambacho wauguzi wa huku walikuwa wakikiona kila siku.

Kwa waliobakwa, idara hii huungana na ukunga na uuguzi wa hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ndivyo bora. Bunia ina kituo cha Karibuni wa Mama cha shirika la SOFEPADI, lililoanzishwa na Julienne Lusenge na wenzake, ambako matibabu, ushauri na msaada wa kisheria hupatikana pamoja. Mwanafunzi ajifunze hapo kwamba siri ya mgonjwa ni sehemu ya dawa. Mwanamke akiogopa kusemwa kijijini, saa 72 zitapita akiwa nyumbani.

Idara ya dawa za usingizi na mahututi huuliza nani atapumua kwa niaba ya mtu niliyemlaza usingizi. Katika hospitali nyingi za Kongo anayemlaza mgonjwa na kumwamsha ni muuguzi aliyesomea kazi hiyo, na bila yeye upasuaji wa kumtoa mtoto haufanyiki. Ni ubingwa wa watu wachache, nao unahitaji utulivu na hesabu safi.

Idara ya ualimu na uongozi, ambayo wengi huiita kwa kifupi EASI, huuliza ujuzi utabakije mtu akiondoka. Wanafunzi wengi huiona kama idara ya makaratasi, nami nawasihi waitazame upya. Zamu ikipangwa vibaya, hata mkunga hodari hukosea kwa uchovu. Dawa isiyoagizwa kwa wakati haipo siku ya kuhitajika. Na mitaala, rejista na walimu waliovuka moto wa Nyankunde ni matunda ya idara hii.

Orodha haijafungwa. Uganda, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, imeonyesha ubingwa mpya unavyozaliwa. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, akitumia mofini ya maji, ya bei nafuu, kwa wagonjwa wenye maumivu makali. Madaktari walikuwa wachache mno kuwafikia wagonjwa vijijini. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni na kuwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika dawa hiyo wenyewe, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kufanya hivyo. Kwanza kulikuwa na mtu anayeumia kijijini, halafu swali, halafu mafunzo, mwisho sheria. Idara nyingi tunazozikuta leo zilipita hatua hizo.

Usiku mmoja katika chumba kimoja

Sasa tuziweke idara hizi zote mahali pamoja, kwa mfano ninaoutumia darasani. Saa nne usiku pikipiki inafika kituoni kutoka upande wa ziwani. Imemleta mama mwenye mimba ya miezi minane, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu. Shangazi yake amembeba mgongoni mtoto wa miaka miwili.

Muuguzi anapima presha na kupata 160 kwa 110. Uuguzi wa hospitali umemfundisha kutoishia hapo, kwa hiyo anahesabu pumzi na kuangalia uvimbe usoni. Ukunga unamwambia jina la hatari iliyopo, kwamba kifafa cha mimba kinabisha hodi. Anatoa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti. Dawa hii huokoa, na ikizidi huua kwa kusimamisha pumzi, kwa hiyo kabla ya kila dozi ya kuendelea kuna mambo matatu ya kuhakikisha: goti likigongwa linaruka, pumzi hazipungui 16 kwa dakika, mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Anaiweka kalsiamu glukoneti karibu, ndiyo ya kuivunja nguvu. Kisha anaagiza usafiri wa Bunia, anaandika barua ya rufaa yenye saa ya kila dozi, kwa sababu atakayempokea mama huyo hakuwepo alipodungwa.

Wakati gari linasubiriwa, anaufunga utepe kwenye mkono wa yule mtoto. Milimita 112, nyekundu. Hakuna aliyemleta mtoto kwa ajili ya matibabu, ila uuguzi wa watoto umemzoesha muuguzi kutazama na mgongoni. Mlango unabamizwa na upepo, mama anaruka kitandani na kuanza kutetemeka. Muuguzi hamwambii atulie. Anasogea, anajitaja jina, anamweleza ile ilikuwa sauti ya nini na kitakachofuata ni nini, na sauti yake inabaki ileile hadi mwisho. Hiyo ni afya ya akili, na kwa mama huyo ni msaada kwa presha vilevile. Asubuhi anafungua rejista na kuona kwamba wanawake kutoka kijiji kile hufika kliniki ya wajawazito wakiwa wamechelewa. Anampigia simu mhamasishaji wa huko wapange ziara, na hilo ni jukumu la afya ya jamii. Anahesabu chupa za magnesiamu zilizobaki na kuagiza nyingine, na huo ni uongozi.

Hakuna idara iliyoingia kwa zamu yake. Zilifanya kazi kwa pamoja katika kichwa cha mtu mmoja, na ziliweza kwa sababu mahali fulani watu wengine walizifanyia kazi moja moja, kwa undani, miaka mingi. Ndiyo maana napinga kauli kwamba ubingwa ni anasa ya mijini. Muuguzi wa kijijini anakula matunda ya mabingwa kila usiku, na mabingwa wanahitaji rejista yake ili wajue swali linalofuata.

Ngazi za masomo na namna ya kuchagua

Wengi mtakuwa mmetoka ITM, mkiwa na diploma ya A2 ya sekondari ya ufundi wa tiba. ISTM ilikuwa ikitoa A1 baada ya miaka mitatu ya graduat, kisha A0 baada ya miwili mingine ya leseni. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2021–2022 mfumo wa LMD, yaani leseni, masta na udaktari, umeanza kuchukua nafasi ya ule wa zamani. Kwa upande wa kazi, sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016 iliunda Baraza la Wauguzi la nchi, linalosimamia maadili na haki ya kufanya kazi hii. Jisajilini na mshiriki. Taaluma isiyo na wenyewe hutungiwa kanuni na wengine.

Elimu yenu itakaa juu ya mafiga matatu: darasa, chumba cha mazoezi na kituo cha afya au wodi. Moja likikosekana, chungu humwagika. Msikwepe zamu za usiku katika mazoezi, kwani mambo mengi niliyoyaeleza hapa hutokea usiku.

Kuhusu kuchagua ubingwa, nawashauri msiharakishe. Pitieni idara zote kwanza, na mjichunguze ni swali gani mnarudi nalo nyumbani. Kuna anayeondoka wodini akiendelea kuwaza kwa nini kidonda kile hakifungi. Mwingine anawaza kwa nini familia nzima imeugua, na mwingine ni yule msichana aliyekaa kimya kutwa nzima. Msichague kwa mshahara peke yake wala kwa heshima ya jina la idara. Swali lisilokuacha ndilo litakalokuvumilisha miaka ambayo mshahara umechelewa na barabara imefungwa.

Na mkishachagua, mmhudumie kila anayebisha mlango. Muuguzi wa Bogoro atamshika mkono Mhema na Mngiti katika chumba kimoja, pengine ndani ya saa moja. Mahitaji yale 14 hayana kabila. Kuwatendea wote kwa ustadi uleule, hadharani, siku baada ya siku, ni mchango wa amani ambao hakuna taaluma nyingine iliyopewa nafasi ya kuutoa kwa ukaribu huo.

Mwaliko

Karibuni, basi. Mnaingia katika elimu iliyo changa katika vyuo vikuu lakini nzee katika utu. Sura zinazofuata zitaichukua idara moja moja na kueleza misingi, vipimo na kazi zake. Someni ya kwanza, ya mchakato wa uuguzi, kabla ya nyingine yoyote. Baada ya hapo kila mtu aanze na idara inayomvuta.

Nina ombi moja kubwa. Andikeni. Patografu ilianza kwa watu waliozichukua alama za uchungu wa kina mama wengi na kuzipanga kwenye karatasi hadi zikaonyesha njia. Rejista ya kituo cha afya cha Ituri ina mambo ambayo hakuna kitabu cha Paris au Boston kinachoyajua: homa zinazofuata misimu ya uvuvi, uzazi wa kina mama waliokimbia makwao mara kadhaa, huzuni ya kijiji ambacho watoto wake walikua baada ya 2003. Jazeni kila safu, saa na tarehe, kwa mwandiko unaosomeka, kisha mzilete takwimu hizo chuoni tuzichambue pamoja. Idara itakayofuata inaweza kuanzishwa na mtu anayesoma ukurasa huu, kwa swali alilolikuta Bogoro na kukataa kuliacha bila jibu.